Una yai la vito mkononi? Namna ya kulitambua, kulinunua na kulitunza

Maswali yanayonifikia ni yaleyale, mtu hadi mtu. "Nimeona yai la Fabergé linauzwa dola 80, nilipie?" "Marehemu shangazi ameacha yai la dhahabu lenye mawe mekundu, linaweza kuwa la shilingi ngapi?" "Kuna namba 56 imegongwa chini, ndiyo nini?" Badala ya kumjibu kila mmoja kwa ujumbe wa sauti, nimeyapanga hapa kwa hatua. Zifuate kwa mpangilio wake.

Shika hili kwanza: Fabergé ni jina la sonara wa Urusi, Carl Fabergé, aliyewatengenezea ma-Tsar, yaani watawala wa Urusi, mayai ya vito ya Pasaka, na thamani ya mayai haya haikai kwenye vito. Inakaa kwenye kazi ya mkono na kwenye kumbukumbu za waliolimiliki. Yai la Majira ya Baridi la mwaka 1913, lililouzwa London Desemba 2025 kwa pauni milioni 22.9, gamba lake ni kwatsi angavu, jiwe ambalo hata huku kwetu halina uhaba. Almasi zipo, ndiyo, lakini ni ndogondogo, zimepangwa zifanane na sakitu. Aliyelibuni ni binti mmoja wa ukoo wa masonara wa Kifini, Alma Pihl, na inasemekana wazo alilipata kwenye barafu iliyoganda juu ya kioo cha dirisha la karakana. Carl Fabergé mwenyewe aliwahi kusema mwaka 1914 kwamba kitu cha bei kubwa hakimvutii ikiwa bei hiyo imetokana na wingi wa almasi na lulu tu. Anayehesabu mawe huuziwa takataka. Anayetazama bawaba huwa salama, na tutaifikia hiyo bawaba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya masonara na mafundi saa. Zile zilizoandikwa mara 30 au 60 nyingi ni za uongo, achana nazo.
- Tochi ndogo ya kupimia noti bandia, ile yenye mwanga wa zambarau.
- Mizani ya sonara na rula yenye milimita.
- Sumaku ndogo yenye nguvu.
- Glavu za nitraili zisizo na poda, kama zile za hospitali. Za pamba zinateleza. Yai likikuponyoka ndiyo basi.
- Taulo nene la kutandika mezani. Usilikague yai hewani, likague juu ya taulo.
- Daftari, na simu yenye kamera nzuri.
- Pesa ambayo si ya ada ya shule.

Historia, kwa kiasi utakachohitaji

Katika Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, Pasaka watu hubadilishana mayai na kubusiana mara tatu. Wakulima walipaka rangi mayai ya kuku. Wenye uwezo waliagiza ya kauri, ya fedha, ya dhahabu. Pasaka ya mwaka 1885 Tsar Alexander III alimpa mkewe Maria Feodorovna yai lililotengenezwa na duka la Fabergé la Saint Petersburg. Kwa nje ni jeupe tupu, enameli (glasi iliyoyeyushwa) juu ya dhahabu, urefu milimita 64, ukilitupia jicho utadhani limetoka bandani. Likifunguliwa, ndani kuna kiini cha dhahabu isiyong'arishwa. Ndani ya kiini kuna kuku wa dhahabu. Na ndani ya kuku kulikuwa na taji dogo la almasi na kidani cha yakuti, ambavyo vilishapotea. Maria alizaliwa binti wa mfalme wa Denmark, na huko kwao kulikuwa na yai la namna hiyo kwenye hazina ya kifalme. Ndiyo maana wengi huona kwamba mume alitaka kumkumbusha nyumbani.

Ikawa desturi. Alexander alitoa mayai 10. Mwanawe Nicholas II akaongeza 40, moja kwa mama na moja kwa mke kila Pasaka, isipokuwa mwaka 1904 na 1905 Urusi ilipokuwa vitani na Japani. Jumla 50 yaliyokabidhiwa. Kila moja lilipaswa kuwa na kitu cha kushangaza ndani. La mwaka 1900 lina garimoshi dogo la dhahabu na platinamu, linakunjwa behewa kwa behewa, na lina ufunguo wa kulitilia nguvu litembee.

Mapinduzi ya 1917 yakamaliza yote. Karakana ilitaifishwa, Fabergé akakimbia, akafia Lausanne, Uswisi, mwaka 1920. Mayai yalipelekwa Kremlin, kisha serikali ya Kisovieti ikauza sehemu yake kwa wageni miaka ya 1920 na 1930 ili ipate fedha za kigeni. Hapo ndipo ukusanyaji tunaoujua ulipoanzia. Lillian Thomas Pratt wa Virginia, Marekani, alinunua matano, na mengi ya vitu vyake alilipia kwa awamu. Leo mayai hayo yapo kwenye jumba la makumbusho la Richmond. Kremlin wamebaki na 10. Saint Petersburg kuna jumba lenye tisa, ambayo tajiri Viktor Vekselberg aliyanunua kwa mkupuo kutoka kwa familia ya Forbes mwaka 2004. Familia ya kifalme ya Uingereza wana matatu.

Inatosha. Tuingie kazini.

Hatua ya 1: Amua unakusanya kundi gani

Hapa ndipo wengi wanapoanza vibaya: wananunua kwanza, wanajiuliza baadaye.

*Mayai ya Tsar.* Haya ni ya kutazama. Mtu akikuuzia moja kwa bei unayoweza kuilipa, ama si lake ama si lenyewe.

*Mayai madogo ya kidani.* Urefu sentimita moja hadi mbili. Mabinti wa Urusi walipewa moja kila Pasaka, wakayavaa yote kwenye mkufu mmoja. Fabergé na masonara wenzake waliyatengeneza kwa maelfu, ndiyo maana bado yanapatikana. Yasiyo na jina kubwa hupatikana kwa mamia ya dola. Yenye chapa ya Fabergé iliyothibitishwa huenda maelfu. Kwa mtu anayetaka kitu halisi cha kabla ya 1917, huu ndio mlango.

*Kazi za kisasa zenye leseni au ukoo.* Hapa inabidi ujue habari ya jina. Familia ilipoteza haki ya kulitumia. Mwaka 1951 waliridhika na malipo kutoka kwa kampuni ya manukato iliyokuwa ikilitumia tayari. Unilever walilichukua mwaka 1989, wawekezaji wengine mwaka 2007, kisha mwaka 2013 likaangukia kwa Gemfields, wale wenye mgodi wa yakuti wa Montepuez, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Gemfields nao waliliuza mwaka 2025 kwa dola milioni 50. Kwa hiyo neno "Fabergé" kwenye kisanduku linaweza kumaanisha mambo mengi, kutegemea mwaka. Katika kundi hili, kazi ninayoiheshimu zaidi ni ya karakana ya Victor Mayer ya Pforzheim, Ujerumani, iliyokuwa na leseni kuanzia 1989 hadi 2009: enameli ya kweli, dhahabu ya kweli, kila kipande kina namba. Yapo pia mayai ya Theo Fabergé, mjukuu wa Carl, yenye idadi maalumu. Na yapo ya kampuni ya Franklin Mint ya Marekani, ambayo yalitolewa kwa wingi na hayatapanda bei hivi karibuni, ila yanapendeza.

*Vikasha vya umbo la yai.* Aloi ya zinki, rangi ya kung'aa, mawe ya glasi, sumaku ya kufungia. Vimejaa kwenye maduka ya zawadi ya Dubai, Istanbul na Moscow, dola 20 hadi 100. Havina ubaya wowote alimradi umelipa bei ya kikasha.

*Mayai halisi ya ndege* yaliyotobolewa, kukatwa na kupambwa. Ufundi mzuri sana, na yai la bata bukini ni salama. Lakini usiguse yai la mbuni uliloletewa na mtu kutoka porini. Kwa Tanzania yai la mnyamapori ni nyara ya serikali. Kuwa nalo bila kibali ni kesi. Kenya nako sheria ni kali. Kama unataka la mbuni, liwe la shamba lililosajiliwa, na karatasi ziwepo.

Ushauri wangu: nunua kikasha kimoja cha bei rahisi, ukifungue, ukichunguze mpaka ukijue. Kisha tafuta kipande kimoja kizuri cha kundi la tatu. Vidani vije baadaye, jicho likishakomaa.

Hatua ya 2: Zoeza jicho kabla ya kufungua pochi

Majumba ya makumbusho ya Virginia, Walters la Baltimore, Hillwood la Washington na hazina ya kifalme ya Uingereza wote wameweka picha zao mtandaoni bure. Usitazame uso wa yai peke yake, huo kila mtu anauiga. Kuza picha mpaka uone ukingo wa mdomo pale vipande viwili vinapokutana. Tazama jinsi kipande cha juu kinavyokaa juu ya cha chini bila mwanya. Tazama chini, palipo na kitako. Tazama bitana ya ndani.

Halafu nenda kwenye tovuti za minada usome mayai yaliyokwisha kuuzwa, si yanayouzwa. Bei anayoitaja muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyouzwa ndiyo habari.

Hatua ya 3: Lichunguze likiwa mezani

Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. *Uzito na baridi.* Liweke kiganjani. Dhahabu, fedha na enameli ya glasi hukupa ubaridi unaokawia kuondoka. Resini, yaani plastiki ya kumimina, hupata joto la mkono mara moja. Andika uzito kwenye daftari.

2. *Sumaku.* Ikinasa kwenye gamba, umemaliza, hiyo ni chuma. Isiponasa hujathibitisha kitu, maana zinki na shaba nazo hazinasi.

3. *Bawaba.* Chukua muda wako hapa. Weka lenzi, funga na kufungua taratibu. Bawaba ya sonara mzuri ina vifundo vingi vidogo vilivyolingana, pini haionekani kichwa, na ukifunga unapitisha ukucha kwenye ungio bila kukwama. Kifuniko hakichezi kushoto wala kulia. Kinapofunga kinatoa mlio mdogo mkavu. Kwenye kikasha cha zinki utakuta vifundo vitatu vinene, pini imetokeza, na mabaki ya gundi au lehemu pembeni. Mtu anaweza kununua mawe mazuri na kuagiza chapa bandia. Bawaba ya namna ile inahitaji mikono iliyosomea kazi kwa miaka, na mwenye mikono hiyo kwa kawaida hana haja ya kughushi.

4. *Skrubu.* Kijana mmoja wa Tanga alinitumia picha za yai "la mwaka 1896" alilokuwa anataka kulilipia kwa mkopo. Picha zilikuwa kali, chapa zilikuwa maridadi, na chini ya kitako palikuwa na skrubu mbili za nyota. Skrubu ya nyota ni ya miaka ya 1930. Masonara wa Tsar walitumia skrubu zenye mfuo mmoja, tena nyingi zilikatwa kwa mkono. Swali lake lilijibiwa na bisibisi.

5. *Enameli.* Ya kweli ni glasi iliyosagwa, ikayeyushwa juu ya metali kwenye tanuri la nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, tabaka kwa tabaka. Chini yake mara nyingi kuna mistari ya mawimbi au miale iliyochongwa kwa mashine kwenye dhahabu, na ukilizungusha yai mwanga hutembea juu ya mistari hiyo kama kwenye hariri. Kwa lenzi, rangi bandia huwa na uso wa ganda la chungwa na hujikunja kwenye kingo. Ikibanduka, inatoka magamba. Enameli hukatika kama glasi, ikiacha shimo lenye umbo la ndani ya kombe.

6. *Tochi ya noti.* Zima taa, mulika. Gundi na resini aghalabu hung'aa rangi ya maziwa au bluu. Yai la zamani lenye doa moja linalong'aa limekarabatiwa. Linalong'aa lote, limepakwa.

7. *Mawe.* Vito vya kazi za zamani vimeshikwa kwa kucha au kwa ukingo wa chuma uliokunjwa, havikugandishwa kwa gundi. Almasi nyingi ni za mkato wa zamani wa waridi: chini bapa, juu zimeinuka kwa pembetatu, mng'ao wake ni wa utulivu. Ukikuta almasi zote zina mkato wa kisasa wenye kumetameta kwa ukali, zimewekwa baadaye au yai lote ni la juzi.

Onyo: usikwaruze wala usitie tindikali "kupima dhahabu". Sonara wa mtaani atakuambia ni lazima. Si lazima, na mkwaruzo mmoja kwenye kipande halisi unaweza kukugharimu kuliko ada ya mtaalamu.

Hatua ya 4: Soma chapa

Urusi ya zamani haikuhesabu kwa karati. Walihesabu kwa zolotniki, na madini safi kabisa yalikuwa 96. Hivyo:

- 56 ni dhahabu ya karati 14
- 72 ni dhahabu ya karati 18
- 84 ni fedha yenye usafi wa 875 kwa 1000
- 88 ni fedha yenye usafi wa karibu 916

Yai linalodaiwa kuwa la Urusi ya Tsar lakini limegongwa 925 au 585 halina hoja. Likiwa na 583 pamoja na nyota au kichwa cha mfanyakazi mwenye nyundo, ni la Kisovieti, baada ya 1927.

Kisha tafuta kichwa cha mwanamke aliyevaa kilemba cha Kirusi, kokoshniki. Kikitazama kushoto, ni kati ya mwaka 1899 na 1908. Kikitazama kulia, ni kuanzia 1908 hadi mapinduzi. Sasa tafuta herufi za fundi mkuu wa Fabergé. Mikhail Perkhin alitumia МП kwa herufi za Kirusi, ile ya pili ikiwa na umbo la lango. Henrik Wigström alitumia H.W., Erik Kollin E.K. Perkhin alifariki mwaka 1903. Kwa hiyo ukikuta МП pamoja na kichwa kinachotazama kulia, umeonyeshwa kazi ya marehemu aliyegonga chapa miaka mitano baada ya kuzikwa. Nimeiona hii mara nyingi kuliko ninavyopenda, maana waghushi hununua chapa kwa seti bila kusoma historia.

Vipande vya Saint Petersburg kwa kawaida vina ФАБЕРЖЕ pamoja na herufi za fundi. Vya Moscow vina К.ФАБЕРЖЕ pamoja na tai mwenye vichwa viwili. Chapa iliyogongwa kwa nyundo ina kingo kali na imezama kwenye chuma. Iliyotokea kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe ina kingo laini zilizofutikafutika. Tafuta pia namba ndogo iliyokwaruzwa kwa mkono, kwa kuwa duka lilikuwa na leja, na leja za tawi la London bado zipo.

Kukosekana kwa chapa si ushahidi wa ubandia. Yai lile la kwanza la 1885 lenyewe halina chapa. Na kuwepo kwa chapa ndiyo kabisa si ushahidi wa ukweli.

Hatua ya 5: Dai historia ya umiliki

Muulize muuzaji maswali matatu, kwa maandishi: ulilipata kwa nani, mwaka gani, na una karatasi gani? Stakabadhi ya zamani, ukurasa wa katalogi ya mnada, picha ya bibi akiwa amelivaa, barua ya bima, vyote ni mali. Hadithi ya "babu alikuwa jenerali wa Tsar" bila karatasi ni hadithi.

Visanduku vya mbao navyo huuzwa peke yake, vikiwa na hariri ndani iliyochapwa jina na tai. Watu hununua kisanduku halisi wakatia kitu bandia. Hakikisha yai linakaa ndani yake bila kuchezacheza, na soma miji iliyoandikwa kwenye hariri: tawi la Odessa lilifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo kisanduku chenye Odessa hakiwezi kuwa cha yai la 1890.

Usijidanganye kwamba jina kubwa la mwonyeshaji linamaliza mjadala. Maonyesho ya Fabergé ya jumba la makumbusho la Hermitage mwaka 2020 hadi 2021 yaliibua ugomvi mkubwa wa wataalamu juu ya vipande vilivyodaiwa kuwa bandia, ndani ya Saint Petersburg kwenyewe.

Hatua ya 6: Nunua kwa utaratibu

Soma maneno ya katalogi kwa makini. "Fabergé" peke yake ni madai. "Mtindo wa Fabergé" maana yake si ya Fabergé. "Inadhaniwa kuwa ya" maana yake wao wenyewe hawaweki saini. Kwenye minada omba ripoti ya hali ya kipande. Hutolewa bure, na humo ndimo ukarabati unapotajwa.

Piga hesabu yote kabla ya kupandisha bei. Nyumba kubwa za mnada huongeza kamisheni ya mnunuzi ya karibu robo ya bei, wakati mwingine zaidi. Ongeza usafirishaji, bima, kisha ushuru wa forodha, ambao kwa nchi za Afrika Mashariki hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na bima na nauli. Mwulize wakala wa kutoa mizigo kabla ya mnada, si mzigo ukishafika bandarini. Bei andika ya kweli. Ukimwambia muuzaji aandike "zawadi, dola 30", likivunjika njiani bima itakulipa hizo dola 30.

Usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua. Lipia kwa njia inayoweza kurudishwa.

Hatua ya 7: Litunze, hasa ukiwa Pwani

Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, Maskati: hewa ya chumvi na unyevu hula chuma duni haraka. Vikasha vya zinki huanza kutoa ukungu mweupe kwenye bawaba. Fedha hugeuka nyeusi. Kilichochovywa dhahabu hububujika vipele.

Weka yai kwenye kabati la kioo linalofungwa vizuri, na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vibadilishe vikilowa. Lisiwe dirishani wala chini ya balbu ya moto. Lisiwe pia mbele ya pua ya kiyoyozi, kwa sababu enameli na chuma hutanuka kwa viwango tofauti, na mabadiliko ya ghafla ya joto huleta nyufa.

Vumbi liondoe kwa brashi laini ya vipodozi ambayo haijawahi kutumika. Usilizamishe majini, usitumie mashine ya mitetemo ya masonara, usipake dawa ya kung'arishia fedha karibu na enameli. Na usilishike kwa kifuniko. Kila mgeni hufanya hivyo.

Kwenye daftari andika tarehe, bei, muuzaji, vipimo, uzito, chapa, na kila kasoro. Piga picha sita: pande nne, chini na ndani.

Yakitokea haya

*Jiwe limedondoka.* Lipate, litie kwenye mfuko wa plastiki wenye namba ya yai. Kama ni kikasha cha zinki, gundi ya vito inatosha. Kama ni kipande cha zamani, mwache sonara alishike kwa kucha. Gundi kali ya dukani isikaribie.

*Kifuniko hakifungi sawasawa.* Usikibonyeze. Mara nyingi kuna uchafu kwenye vifundo vya bawaba. Utoe kwa kijiti cha meno kikavu. Kikiendelea kugoma, bawaba imepinda, na hiyo ni kazi ya fundi.

*Enameli ina ufa mwembamba.* Kama ufa haukui na hakuna kipande kinachocheza, uache ulivyo. Enameli haiwezi kuongezwa bila kurudisha yai tanurini, na tanuri litaharibu mawe na pengine lehemu. Ukarabati wa resini unafaa kwa macho lakini hushusha bei, na lazima uutaje ukiuza.

*Rangi ya dhahabu imeanza kuwa nyekundu sehemu moja.* Kama ni eneo la kushikwashikwa, limechovywa na tabaka limeisha. Lakini tazama tena: Fabergé alitumia dhahabu za rangi mbalimbali kwa makusudi. Shaba ikizidi kwenye mchanganyiko dhahabu huwa nyekundu, fedha ikizidi huwa ya kijani. Kwenye kazi halisi wekundu unafuata umbo la ua au jani. Kwenye kuchovywa unafuata mahali pa vidole.

*Muuzaji amekataa kutuma picha ya bawaba.* Umeshajibiwa.

*Nimerithi yai na nina hisia ni la kweli.* Usilisafishe. Usilipeleke kwa mnunuzi wa dhahabu chakavu. Kuna yai la Tsar la mwaka 1887 ambalo liliuzwa New York mwaka 1964 kwa dola 2,450 kama saa ya dhahabu iliyo ndani ya kasha la umbo la yai, jina la Fabergé likiwa halijatajwa. Miaka mingi baadaye muuza vyuma chakavu wa Marekani alilinunua kwa karibu dola 14,000 akikusudia liyeyushwe, lakini kila aliyempelekea alimwambia amelipa kuliko uzito wake. Likakaa jikoni kwake. Alichofanya mwishowe ni kusoma jina lililokuwa kwenye uso wa saa iliyokuwa ndani, Vacheron Constantin, na kulitafuta mtandaoni pamoja na neno yai. Wataalamu wa Wartski, duka la vito vya kale la London, walilithibitisha, na mwaka 2014 dunia ikaambiwa.

Kwa hiyo soma kila kitu kilichoandikwa ndani, hata kwenye saa, hata kwenye ufunguo. Piga zile picha sita. Zitume, pamoja na uzito, vipimo na karatasi zozote za marehemu, kwa idara za sanaa ya Urusi au za vito za nyumba mbili tofauti za mnada. Christie's, Sotheby's na Bonhams hutoa makadirio ya awali kwa picha bila malipo. Wakikujibu wote kwamba ni kikasha, ni kikasha. Mmoja wao akiomba kuliona kwa macho, kata bima kwanza ndipo ulitume.